Jina la Baba Nililompa Maduhu

Kuna mama mmoja anauza samli pale sokoni, anaijaza kwenye chupa za maji zilizotumika, na kila nikipita karibu na meza yake moyo unanilipuka. Mimi mtu mzima, nina watoto watatu na nyumba ya tofali za kuchoma hapa Shanwe, lakini ile harufu ya samli ya kienyeji iliyokaa karibu na moshi ikinipata tu, macho yanaanza kumtafuta baba. Baba mwenyewe yuko kijijini, mzima kabisa, anakula ugali wake na kubishana na redio. Wanangu wananicheka. "Mama anaogopa siagi," wanasema. Nawaacha wacheke, maana nikianza kuwaeleza kwamba siogopi siagi, naogopa kumuua babu yao, wataona nimeshachanganyikiwa.

Nyie wa rika langu mliokulia kwenye vijiji vya mpunga huko Mpimbwe mtanielewa haraka. Mnakumbuka walivyokuja. Vumbi lilitangulia, zikafuata kengele za ng'ombe, wakafuata ng'ombe wenyewe wasioisha, na nyuma yao mikokoteni iliyobeba masufuria, kuku na bibi vizee waliokaa juu ya mizigo wakitutazama bila kupepesa. Sisi watoto tulipanda juu ya kichuguu kuangalia. Hawakusimama kijijini. Walivuka mbuga yetu ya mpunga, wakajenga ng'ambo, kwenye ule mwinuko tuliokuwa tunaokota uyoga. Jioni ile upepo ukageuka, ukatuletea harufu ya mavi ya ng'ombe na samli, na mama akafunga dirisha.

Watu wazima walisema neno moja tu, Wasukuma, na walilisema kwa sauti ya chini. Sisi tulisikia mengine tukiwa tumejilaza. Kwamba hawa watu leo ni kaya chache, mwakani huwezi kuwahesabu. Kwamba ukigombana na mmoja umegombana na wote, wana sungusungu yao, wanakuja usiku wakiwa kimya. Miaka mingi baadaye ndiyo nikajua kwamba na wao ng'ambo kule walikuwa wanaambizana kuhusu sisi. Wapimbwe wachawi. Usile kwao, usikae kwenye kigoda chao, usimwache mtoto akaguswa kichwa na bibi zao. Basi tukaishi hivyo, mbuga katikati, kila upande umekaa na hofu yake na unaona ni ya kwake peke yake.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetupa sheria ya nyumbani. Alituita mimi na wadogo zangu jikoni, akanitazama mimi zaidi, kwa sababu mdomo wangu tangu zamani haukuwa na mlango.

"Skola, wewe nakujua. Ukikutana na hao watu wakakuuliza wewe wa nani, sema wa Alfonsi. Hilo la ubatizo limepita kwenye maji ya baraka, hawawezi kulifanya kitu. Lakini lile alilopewa na babu yako, liache humu humu ndani. Mtu akilibeba hilo, akaenda kulisemea kwenye dawa zake, baba yako kwisha. Umesikia?"

Nilisikia. Jina la nyumbani la baba lilikuwa Kauzeni. Tangu siku ile likawa zito kichwani mwangu, nikawa naogopa hata kuliwaza nikiwa nje, eti lisije likaponyoka.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi. Mpunga ulikuwa umetoa mashuke, na kazi yetu watoto ilikuwa kulinda ndege. Unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, unapiga debe na kupiga kelele hadi sauti inakauka. Mchana ule mama alikuwa amerudi nyumbani kunyonyesha, nilikuwa peke yangu. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Nikageuka, nikamwona mwanaume mrefu amesimama chini ya dungu, shuka begani, fimbo mkononi, ngozi inang'aa kwa samli. Sijui alifika saa ngapi. Debe likanitoka mikononi likaanguka kwenye maji.

"Mwadila," alisema. Hiyo ni salamu yao ya mchana. Sikuitika.

Aliinama, akaliokota debe, akalimwaga maji, akanipa. Halafu akauliza, kwa Kiswahili cha kukanyagakanyaga, "Wewe mtoto ni wa nani?"

"Wa Alfonsi."

"Hilo la kanisani. Nauliza wa nani. Babu yako alimwitaje?"

Nikalikumbatia debe. Yeye hakukasirika. Alisimamisha fimbo yake kwenye tope, akaegemea, akaanza kunitajia ya kwake. Yeye ni Maduhu. Maduhu wa Ng'wandu. Ng'wandu wa Lutonja. Akaenda nyuma hivyo hivyo mpaka nikapoteza hesabu, kisha akanitazama, anangoja. Jamani, mtu mzima kusimama chini yako anangoja! Angepiga kelele ningepiga kelele na mimi. Angenikimbiza ningekimbia. Lakini alisimama tu kwa upole, ndege wanakula mpunga, jua linawaka, na mimi nikaona hataondoka kamwe mpaka apewe alichofuata.

"Kauzeni," nikasema.

"Kauzeni," akarudia. "Kauzeni. Eee." Akatabasamu, akachomoa fimbo yake, akaenda zake na jina la baba yangu mdomoni.

Wiki haikuisha, baba akaanguka na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mama alisema malaria, na zahanati walisema malaria, wakampa vidonge. Mimi nilijua. Nilikaa pembeni ya mlango nikisikiliza anavyopumua, na kila pumzi ikichelewa naona ndiyo hiyo imekwisha. Sikuweza kumwambia mtu. Ningesemaje? Siku moja nilitoroka hadi mwisho wa shamba letu, nikasimama nikiangalia mwinuko wa ng'ambo, moshi unatoka kwenye maboma yao, nikasema kwa sauti ndogo, "Maduhu, rudisha jina." Nikangoja. Ng'ombe mmoja alilia huko. Nikakimbia kurudi, na niliapa yule ng'ombe alikuwa ananijibu mimi.

Baba alipona. Alitoka amekonda, shati linamning'inia, na jambo la kwanza alilokwenda kuangalia ni mpunga. Akakuta ng'ombe wamepita humo alfajiri, wameulaza upande mzima wa mtoni. Maduhu alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na vijana wake wawili. Nilikuwa nyuma ya mama. Baba hakumpa nafasi ya kuongea, alitukana vitu ambavyo sijawahi kumsikia akitamka mbele yetu.

"Nikikuona tena kwenye mpunga wangu nakupasua! Unanisikia? Nakupasua!"

"Kauzeni," Maduhu akasema, na akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Kauzeni, tukae chini."

Nilimwona baba mgongo ukikakamaa. Aligeuka akaondoka bila kuongeza neno, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu ameogopa. Usiku ule kwenye chakula aliuliza, "Nani amempa yule mtu jina langu?" Bibi alituzungukia kwa macho, mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu, akakaa hapo. Bibi alichukua tu sahani yangu akaiweka mbali.

Baada ya hapo kila walichofanya ng'ambo tulikiona kibaya. Baba mdogo Gaspari, ambaye alikuwa anapenda kujifanya mpelelezi, alijificha kwenye vichaka siku moja, akarudi mbio, jasho linamtiririka. Alisema vijana wao wamejipanga mistari, wanapigiwa ngoma, wanainua majembe juu kwa pamoja na kuyashusha kwa pamoja, wanaimba. "Wanajifunza vita, Alfonsi. Mimi nimeona kwa macho yangu." Kumbe walikuwa wanapalilia mahindi. Kwao shamba la mtu linalimwa na kundi zima, ngoma inawapa mwendo, na wimbo unawasahaulisha mgongo. Sisi kwetu kila mtu alilima na mkewe kimyakimya, kwa hiyo tulipoona majembe yamepanda juu kwa pamoja hatukuona kilimo. Wanaume wetu wakaanza kulala na mapanga chini ya mikeka.

Ndiyo Pasaka ikatukuta hivyo.

Kigango chetu kilikuwa na kanisa la tofali mbichi na kengele iliyokuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti pembeni ya mlango. Baba ndiye aliyekuwa mpiga kengele, kwa nondo. Siku za kawaida aliigonga taratibu, ngo, ngo, watu wanaoga wanakuja sala. Ikigongwa mfululizo haina maana ya sala: ni moto, au tembo wameingia shambani, au mtu amevamiwa. Tangu Alhamisi Kuu inanyamaza kabisa. Halafu kwenye Mkesha wa Pasaka, Padre akianzisha tu ule wimbo wa utukufu, kengele inagongwa mfululizo, ngoma zinaingia, akina mama wanapiga vigelegele, kwa sababu Bwana amefufuka. Hiyo ndiyo jioni pekee ya mwaka kengele ya hatari inakuwa ya furaha. Kila mtu kijijini alilijua hilo toka tumboni mwa mama yake. Na haikumjia mtu hata mmoja kichwani kwamba kuna watu wameingia ng'ambo tangu mavuno yaliyopita, hawajawahi kuona Pasaka yetu.

Padre alikuwa na kigango kingine cha kuwahi, kwa hiyo tulianza jua lilipozama tu. Tuliwasha moto mpya nje, mkubwa, cheche zinapanda. Tukawasha mishumaa yetu kwenye ule mmoja mkubwa, tukaingia kanisani kwenye giza, taratibu, hakuna anayeongea. Wanaume wengine walikuwa wameingia na mapanga yao, wameyaegemeza ukutani chini ya picha za Njia ya Msalaba. Mimi nilikaa karibu na mlango ili nimwone baba. Alikuwa amesimama nje chini ya rimu, nondo mkononi, anangoja zamu yake, na makaa ya ule moto yanamwangazia upande mmoja wa uso.

Padre akaanza kuimba. Baba akagonga.

Sijui kama mmewahi kusikia furaha yenye kelele vile. Ngoma, vigelegele, rimu inalia mpaka meno yanauma, na mimi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dungu nikajisahau, nikacheka. Tukaendelea hivyo, wimbo unarudiwa, hakuna aliyetaka kuumaliza. Kisha katikati ya kelele zile nikasikia nyingine, inatoka gizani upande wa mpunga. Filimbi. Watu wengi wanakimbia, maji ya shamba yanachapwa na miguu. Na sauti moja mbele ya zote, inaita kwa nguvu zote.

"Kauzeni! Kauzeni weee! Kauzeni!"

Nyie, damu yangu ilisimama. Nilijua ni nini. Jina limerudi kumchukua mwenyewe. Nilifungua mdomo nimwite baba, sauti haikutoka, mshumaa ukaniunguza vidole na sikuweza kuuachia. Baba alikuwa ameacha kugonga, amegeuka. Maduhu alitokea gizani akikimbia, fimbo juu, shuka limeanguka, macho yametoka. Akaita tena, "Kauzeni!" Baba akainua nondo akampiga nayo upande wa kichwa.

Alianguka bila sauti. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi, kwamba hakulia.

Waliokuwa ndani wakamwagika nje, mapanga, mabenchi, mtu mmoja alibeba kinara cha mishumaa. Wale wa ng'ambo nao walikuwa wanaendelea kufika, wanahema, na kwa muda mfupi pande zote mbili zikasimama zinatazamana na yule mtu chini katikati. Padre akapaza sauti, "Tochi! Leteni tochi!" Tochi zikawaka.

Tukawaona. Vijana walikuwa wamebeba magunia yaliyoloweshwa maji. Mzee mmoja alikuwa na ndoo tupu. Mwanamke mdogo, ambaye baadaye nilijua ni mke wa Maduhu, alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, na ndani yake yalikuwa maziwa. Walikuwa wanakamua. Waliona moto unapanda, wakasikia chuma kinalia, ngoma na wanawake wanapiga kelele, na yeye hakwenda kutafuta maji, alikimbia na kilichokuwa mkononi. Nusu yalikuwa yamemwagikia kwenye kanga yake.

"Moto uko wapi?" yule mzee akauliza. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. "Nani kavamiwa? Tumesikia yowe. Nani?"

Katekista wetu akasema, "Hakuna moto, mzee. Tunashangilia."

"Mnashangilia nini gizani?"

Mwanamke akaweka ndoo chini, akamwona mumewe. Yowe alilopiga silisimulii.

Padre alimpakia Maduhu nyuma ya pikapu, damu inamtoka sikioni. Akamwambia baba, "Alfonsi, panda." Baba akapanda, na nondo bado iko mkononi mwake, ikabidi Padre amfumbue kidole kimoja kimoja aichukue. Vijana wa ng'ambo wakapanda wengi, wakamkalia baba kila upande. Mama aliukimbilia mlango wa gari mpaka barabarani, akaanguka. Sisi tulijua hivi: Maduhu akifa njiani, baba hatashuka kwenye lile gari akiwa hai, na asubuhi watakuja kutumaliza waliobaki. Mimi nilijua na la ziada, ambalo nililikumbatia peke yangu. Wote wawili nimewaua mimi.

Pasaka ile hatukupika kitu. Wanawake na watoto tulilala kanisani, wanaume wakakaa nje. Kila ng'ombe akilia ng'ambo watu wanasimama. Tuliona watu wao wamekusanyika kwenye mwinuko, wanakwenda na kurudi, na baba mdogo akasema ndiyo wanapanga. Nadhani na wao walituona tumekusanyika kanisani wakasema hivyo hivyo. Bibi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kanisa. Nilifikiri ananipeleka kunipiga, nikawa tayari kabisa, nilitaka anipige. Alinitazama sana, akasema, "Usimwambie mama yako. Atakuchukia." Akanifuta kamasi kwa pembe ya kitenge chake.

Baba alirudi baada ya siku kadhaa, ameshushwa na pikipiki, nguo zile zile. Maduhu alikuwa hai. Sikio moja limekufa, kichwa kimeshonwa. Polisi walipomuuliza kitandani ilikuwaje, alisema ilikuwa giza. Basi, hakuongeza. Baba alitusimulia hivyo huku anaangalia sakafu, na alipomaliza alikwenda kujilaza akiwa na viatu.

Maduhu aliporudishwa kwake, baba akasema anakwenda kumwona. Nyumba nzima ilimkatalia. Baba mdogo Gaspari alimzibia mlango kwa mwili wake. "Watakumaliza, kaka. Wanakungoja tu uvuke." Hakuna mwanaume hata mmoja aliyejitolea kumsindikiza. Baba akapima mchele mzuri kwenye kikapu, akanitazama. "Skola, twende. Nikienda na wanaume wataona nimekuja kupigana. Nikienda na mtoto wataona nimekuja kuongea."

Ilikuwa mchana kweupe, mpunga umeanza kugeuka rangi. Nilitembea nyuma yake nikiangalia visigino vyake, nikivikariri, kwa sababu niliamini sitaviona tena vikirudi njia ile. Nilitaka kumwambia. Kila hatua nilitaka kumwambia, na tukafika sijamwambia.

Wanaume walikuwa wamekaa uani. Hakuna aliyesimama. Wanawake walipotuona waliwavuta watoto ndani, milango ikafungwa, na nikasikia komeo. Nilifikiri wanawaficha wasione tutakavyofanywa. Baba aliweka kikapu chini katikati ya ua, na hakuna aliyekigusa. Wote waliangalia ule mchele wetu kwa namna ambayo mimi nilikuwa naijua, sikuwa na haja ya kufundishwa. Walikuwa wanaogopa. Watu wazima wale, wenye fimbo, walikuwa wanaogopa kikapu cha mchele na mtoto mwenye gauni lililopauka.

Maduhu alitolewa nje ameshikwa mkono. Kichwa alikiinamisha upande, akituelekezea sikio zima. Baba alianza kusema maneno aliyokuwa ameyaandaa, akayasahau, akapiga magoti. Baba yangu. Akasema, "Nilisikia unaniita, nikajua umekuja kuniua."

Maduhu akaninyooshea kidevu mimi. "Huyu mtoto ndiye aliyeniambia jina lako."

Baba akageuka kunitazama. Sina la kusema kuhusu muda ule. Ningeweza kufa pale pale na ningeshukuru.

"Nilikuwa sijui mtu huku," Maduhu akaendelea. "Kwetu huwezi kukaa karibu na mtu hujui ni wa nani. Kukiwa na jambo utaita nani? Basi nikamuuliza. Nilipoona moto kwenu, jina nililokuwa nalo ni hilo moja. Nikaliita." Akagusa bandeji. "Hawa wangu wanasema uliniziba sikio kwa dawa. Wanasema mnasimama gizani na vimoto mkononi, hamsemi kitu. Mimi nawaambia ni chuma tu. Chuma kinatosha." Akacheka kidogo, wenzake hawakucheka. Aliinama mwenyewe akachukua kikapu, kwa shida, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kukibeba.

Baba alilia. Aliinuka anafuta uso kwa mkono wa shati, na kama mtu aliyepewa kitu hajui akishukuruje, akaangalia huku na huku apate wa kumwambia neno jema. Mlango mmoja ulikuwa umefunguka kidogo. Mke wa Maduhu alikuwa amesimama pale, yule wa ndoo ya maziwa, na mbele yake mtoto wa kike wa umri wangu, ananiangalia. Baba akachuchumaa, akatabasamu, akauliza kwa sauti yake nzuri kuliko zote.

"Na wewe, mama, unaitwa nani?"

Mtoto akafungua mdomo ajibu. Mama yake akamziba kwa kiganja.

Baba alibaki amechuchumaa, tabasamu bado liko usoni, hajui alifanye nini. Mimi nikajikuta nimetoka nyuma yake. Nikamwambia yule mtoto, "Mimi ni Skolastika. Nyumbani wananiita Ndimila." Hilo la nyumbani sikuwahi kumwambia hata mwalimu. Nikasimama hapo nikimngoja. Alinitazama juu ya vidole vya mama yake, macho makubwa, na kiganja hakikuondoka.

Msimu uliofuata walihama na ng'ombe wao wote, wakaenda kusini. Hadi leo silijui jina la yule mtoto.